Je, Tusome Chuo Kikuu Tukiwa Nyumbani?

Katika nyumba nyingi za Hewa Bora, hapa mjini Lubumbashi, pana shauri ambalo babu zetu hawakulijua. Mtu mwenye kazi yake na jamaa yake, aliyekwisha pata lisansi, apata habari kwa simu kwamba chuo kikuu cha Ubelgiji, au cha Kanada, au cha Afrika Kusini, chaweza kumfundisha hata apate shahada ya pili, ile tuiitayo masta, wala hatavuka mpaka wo wote. Masomo yatamfikia kwa intaneti pale pale nyumbani kwake. Yeye atakiwa kujaza fomu, kupeleka hati zake na kulipa. Jirani mmoja amwambia, "Jiandikishe, ndugu, nafasi kama hii haikungoji." Jirani wa pili asema, "Hiyo ni karatasi tupu, utaliwa fedha yako." Naye mkewe auliza neno moja tu: "Baba watoto, na karo ya shule je?"

Maneno yote matatu yana haki yake. Nafasi ni ya kweli. Udanganyifu nao uko. Na karo haingoji. Kwa hiyo twataka leo kulitazama shauri hili pande zote, kwa utaratibu, kama mtu apimaye kiwanja kabla ya kununua matofali.

Jambo hili si geni

Wengine hudhani kwamba kusoma mbali na chuo ni uzushi wa simu. Sivyo. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu waliosomea mahali pengine. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kiitwacho UNISA, kilianza mwaka 1946 kufundisha kwa njia ya posta. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa chuo hicho mwaka 1989, naye alikuwa bado mfungwa. Huko Uingereza kilianzishwa Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Majirani zetu wa Tanzania nao walitunga sheria mwaka 1992 ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha kwao, ili mwalimu au karani aweze kusoma bila kuacha kazi.

Tukumbuke tena hali ya nchi yetu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na mwaka 1956 kikafunguliwa chuo kikuu cha serikali hapa Élisabethville, ndicho mzazi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi cha leo. Thomas Kanza, mmoja wa walei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata mwaka huo huo wa 1956, lakini huko Louvain, Ubelgiji. Kwa watu wa kizazi kile, kutafuta shahada kulikuwa ni kuhama. Leo chuo chaweza kumfuata mtu kwake. Na mwezi Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wengi walionja kwa mara ya kwanza utamu na uchungu wa somo lipitalo katika simu.

Basi tusiulize kama masomo ya namna hii ni masomo ya kweli. Yaweza kuwa ya kweli kabisa. Tuulize hivi: je, yanifaa mimi, katika nyumba hii, mwaka huu, kwa fedha hii? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulete daftari.

Hesabu ya saa

Wengi huhesabu fedha kwanza. Sisi twasema, hesabu saa kwanza, kwa kuwa fedha yaweza kukopwa, lakini saa hazikopeshwi.

Vyuo vya Ulaya hupima masomo kwa kredi, na vyetu vya Kongo vimeingia katika desturi hiyo. Masta ya kawaida ina kredi 120 kwa miaka 2. Kredi moja ni kazi ya saa 25 au zaidi: kusikiliza mwalimu, kusoma vitabu, kuandika, kujitayarisha kwa mtihani. Zidisha 25 kwa 120, utapata saa 3,000. Gawanya saa hizo kwa majuma 104 ya miaka 2: ni karibu saa 29 kila juma, bila juma hata moja la kupumzika. Tuseme mtu afanya kazi saa 45 kwa juma. Akiongeza 29, amefika 74, na bado hatujahesabu njia ya kwenda kazini, wala kilio cha jirani, wala mtoto mwenye homa.

Akisema, "Nitasoma saa 2 kila usiku, siku 6 kwa juma," hizo ni saa 12. Kwa mwendo huo saa 3,000 zitatimia baada ya majuma 250, yaani karibu miaka 5. Jambo hilo si baya. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini lazima ajue tangu mwanzo kwamba ameanza safari ya miaka 5, si ya miaka 2, tena aulize kama chuo chakubali mwanafunzi aendaye polepole, na kama ada huongezeka kwa kila mwaka apitishao.

Pana na jambo la saa za mbali. Brussels na Lubumbashi zina saa moja wakati wa kiangazi cha Ulaya. Wakati wa baridi yao sisi twatangulia kwa saa 1. Hapo hakuna taabu. Lakini Montréal iko nyuma yetu kwa saa 6 au 7, kadiri ya majira. Somo lianzalo huko saa kumi na mbili jioni, sisi twalipata saa sita ya usiku, au saa saba. Mtu apaswaye kuamka alfajiri hatadumu hivyo hata muhula mmoja. Basi uliza mapema: je, mwalimu ataka niwepo saa ile ile afundishapo, au naweza kulisikiliza somo kesho yake? Jibu la swali hilo moja laweza kuamua shauri zima.

Umeme na mtandao

Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa maana ya giza. Kituo cha Mwadingusha katika mto Lufira kilianza kutoa umeme mwaka 1930, na waya mkubwa kutoka Inga, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ulifika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo migodi yataka nguvu nyingi, mji umekua, na mitambo mingi ni ya zamani. Hivyo umeme wa SNEL hukatika, mara nyingi saa zile zile za jioni ambazo mwanafunzi angekaa kusoma.

Kwa sababu hiyo nyumba ya mwanafunzi yafaa iwe na akiba yake ya nguvu. Tupige hesabu. Kompyuta ya kubeba hula wati 50 hivi. Kwa saa 3 ni wati-saa 150. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi haifai kunywewa kupita nusu yake, isije ikafa upesi. Zabaki 600, na nyingine hupotea njiani. Basi betri hiyo yatosha usiku 3 hivi kabla ya kuijaza tena, kwa umeme ukirudi au kwa bamba la jua. Gharama yake iandikwe katika daftari pamoja na ada ya chuo, kwani bila hiyo ada italipwa bure.

Mtandao nao una mdomo. Saa moja ya somo la picha na sauti yaweza kumeza karibu gigabaiti 1. Saa 8 kwa juma ni gigabaiti 32 kwa mwezi. Sauti peke yake haifiki sehemu ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi mwerevu huzima picha, hupakua vitabu na masomo usiku mtandao ukiwa mwepesi, au huyachukua mahali penye mtandao wa kazi au wa chuo, akayasoma baadaye bila mtandao. Tena ajue jinsi mitihani ifanywavyo. Mtihani mwingine hudai kamera iwake muda wote bila kukatika. Je, mtandao ukianguka katikati, chuo chasemaje? Jibu na lipatikane kwa maandishi.

Je, karatasi itapokewa?

Hapa ndipo wengi huumia. Mtu asoma kwa taabu, alipa, apata shahada, kisha ofisi yamwambia kwamba haiitambui.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni majina ya shahada zetu wenyewe. Zamani mwanafunzi wa Kongo alisoma miaka 3 ya graduati na miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyote viliingizwa katika mpango mpya uitwao LMD: lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2, kisha masomo ya udaktari. Neno lisansi limebaki, lakini maana yake imegeuka. Ya zamani hukamilisha miaka 5, ya sasa hukamilisha 3. Mtu wa zamani akiandika katika fomu ya ng'ambo "nina lisansi" tu, aweza kuhesabiwa kama wa miaka 3, akaanzishwa chini kuliko astahilivyo. Basi apeleke orodha ya masomo na alama za miaka yote 5, aeleze mpango wa zamani kwa maneno machache, tena aulize kama masomo yake mengine yaweza kuhesabiwa. Barua moja kama hiyo yaweza kumpunguzia muhula mzima na ada yake.

La pili ni kutambuliwa kwa shahada ya nje. Shahada iliyotolewa na chuo cha nchi nyingine, ikiwa yatakiwa kutumika hapa katika kazi ya serikali au katika chuo kikuu, hupelekwa kwa wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa ipimwe na kupewa usawa na shahada zetu. Uliza habari za usawa huo kabla ya kulipa, wala si baada ya kumaliza. Uliza kama shahada ya chuo hicho imekwisha kupewa usawa, na kama kusoma kwa mbali huleta kizuizi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na vyuo bandia je? Vina alama zake. Huahidi shahada kwa majuma machache. Husema kwamba "ujuzi wako wa maisha" watosha, bila mtihani. Hutaka fedha yote mara moja, tena iende kwa jina la mtu. Husifu baraza fulani la kimataifa ambalo serikali ya nchi yao hailijui. Chuo cha kweli huonekana katika orodha ya wizara ya nchi yake. Hukupa jina la masomo yote, idadi ya kredi na majina ya walimu. Hudai hati zako, na huweza kukukataa. Penye mlango usio na bawabu, yafaa ujiulize ndani mna nini.

Shahada ya kazi gani?

Tuje kwenye shabaha. Wengine hutaka masta kwa sababu mwenzao anayo. Hiyo si sababu ya kutoa saa 3,000 za maisha.

Mtu atakaye kuwa profesa chuoni ana njia yake: lazima afike kwenye udaktari. Kwake masta ni ngazi ya lazima, na swali lake ni kama masta hiyo yafungua mlango wa udaktari, kwani nyingine ni za kazi tu, si za utafiti. Tena huyo yampasa apate mwalimu wa kumwongoza, na mara nyingi huyo hupatikana kwa kukaa chuoni, kusikia mabishano na kujulikana. Mtandao hautoi hayo kwa urahisi.

Mwalimu wa shule ya sekondari ni mwingine. Kabla ya kujiandikisha amwulize mwenye kumwajiri: je, nikileta masta, cheo au mshahara wangu wabadilika? Kama jibu ni "la", bado aweza kusoma kwa kupenda elimu, na elimu yapendeza. Lakini asiiambie nyumba yake kwamba ni biashara ya faida.

Mtu wa hesabu za fedha, wa sheria, wa uongozi wa kazi au wa kompyuta aweza kusoma mengi kwa intaneti na kuyatumia kesho yake kazini. Lakini mganga, mkemia, na mtaalamu wa mawe na migodi wahitaji maabara, wodi na mashimo yenyewe. Katika Katanga iliyojaa shaba na kobalti ingekuwa ajabu kijana ajifunze miamba kwa kutazama picha tu, naye amekaa juu yake. Kwa hiyo kabla ya kutazama ng'ambo, tuyatazame ya hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo. Wasalesiani wana chuo cha kompyuta kiitwacho Salama na Chuo Kikuu cha Don Bosco. Shahada ya karibu haidai usawa wa nje, na mwalimu wake waweza kumgongea mlango.

Shauri la nyumba nzima

Sasa twarudi kwa yule mke na swali lake. Tangu mwaka wa shule 2019-2020 serikali ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, na mzigo ukapungua. Lakini sekondari yadai bado, na watoto hukua. Fedha ya ada hutoka katika mfuko ule ule wa unga, wa kodi na wa dawa. Basi shauri la masta si la mtu mmoja, hata kama shahada itaandikwa jina moja.

Twawashauri mume na mke wakae pamoja, waandike mambo matatu. Kwanza, gharama yote mpaka mwisho: ada, mtandao, betri, mtihani, upelekaji wa fedha na usawa wa shahada. Pili, kitu kitakachoachwa ili fedha hiyo ipatikane. Kwani kila fedha iliyotumika hapa haikutumika pale. Tatu, saa za kusoma, na nani atakayefanya kazi za nyumbani katika saa hizo. Kama hawawezi kuandika jambo la pili bila kugusa karo ya watoto, basi masta na ingoje. Watoto hawawezi kurudi kuwa na miaka 12, bali mtu mzima aweza kusoma akiwa na miaka 45.

Tena tusidhani kwamba mwanafunzi ni baba sikuzote. Pengine mama ndiye mwenye akili ya darasa na lisansi nzuri, naye alizuiliwa na mimba, na malezi, na umbali wa chuo. Kwake masomo ya nyumbani ni mlango uliofunguka kweli. Lakini mama asomaye saa mbili usiku baada ya kupika, kuosha na kulaza watoto atachoka kabla ya muhula wa pili. Mume amwambiaye mkewe "soma tu", bila kushika sufuria, hajampa ruhusa yo yote, amempa mzigo.

Jaribio la majuma 12

Kwa ye yote asiyeweza kuamua, twatoa njia moja isiyo na gharama kubwa. Vyuo vingi hutoa masomo ya bure kwa intaneti. Jukwaa la Ufaransa liitwalo FUN, lililoanza mwaka 2013, hutoa mengi kwa Kifaransa. Chagua somo moja la fani unayoitaka. Lisome saa 2 kila usiku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 12, katika nyumba ile ile, kwa umeme ule ule na mtandao ule ule. Fanya mazoezi yote. Andika kila siku uliyoshindwa, na sababu yake.

Mwisho wake soma daftari lako. Kama ulishika siku nyingi, na nyumba haikunung'unika, na elimu yenyewe ilikuvuta, jiandikishe bila hofu, mradi chuo ni cha kweli na usawa wa shahada umeulizwa. Kama ulishindwa kwa sababu ya umeme, tengeneza umeme kwanza. Kama ulishindwa kwa sababu ya usingizi na kazi, punguza mwendo au ngoja. Na kama ulishindwa kwa sababu hukulipenda somo, umeokoa fedha nyingi, nawe hukupata aibu yo yote.

Nanyi wanafunzi wa sekondari msomao habari hizi, msiseme kwamba ni za wakubwa tu. Mtu asomaye mbali na mwalimu hana kengele, wala daftari la mahudhurio, wala macho ya mwenziwe kando yake. Lazima ajiamshe, ajipangie, aulize asilolijua kwa maandishi yaliyo wazi, na kumaliza aliloanza. Tabia hizo hazitolewi na chuo cho chote pamoja na nambari ya siri ya kuingilia. Anayezitaka aanze nazo leo, kwa kazi ya kesho asubuhi.